Sista si malaika

Wiki iliyopita makala yangu ilikatwa. Nilikuwa nimekwenda parokia moja ya kijijini, mbali na lami, ambako sista mmoja Mkatoliki anaendesha zahanati. Nikaandika nilichokiona: wagonjwa wanaipita zahanati ya serikali isiyo na dawa na kutembea hadi kwake. Mhariri akambakiza sista, akalibakiza tabasamu lake na watoto waliomzunguka. Ile zahanati nyingine ikatoweka. Kichwa cha habari: "Malaika wa kijiji". Nilipouliza nikajibiwa, "Dogo, watu wanataka kuguswa, hawataki kukasirishwa."

Basi mimi nimekasirika, na leo mtanivumilia.

Jamani, hili neno malaika linatuharibia kazi. Malaika hachoki, hadai mshahara, haishiwi dawa. Ukishamwita mtu malaika huna haja tena ya kumuuliza mheshimiwa yeyote swali lolote.

Mchukueni Sista Irene Stefani, Mtaliano wa shirika la Consolata aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri pale Nyeri tarehe 23 Mei 2015, baada ya kuukubali muujiza wa Nipepe, Msumbiji, wa mwaka 1989: maji ya kisima cha ubatizo yaliyowatosha watu waliokimbilia kanisani wakati wa vita. Habari nyingi nilizosoma juu yake zinaishia hapo. Huruma, muujiza, amina.

Lakini kabla ya kupelekwa parokia ya Gikondi alikuwa wapi? Alikuwa Voi, kisha akavuka kuja huku kwetu, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, katika hospitali za wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao ni Waafrika waliochukuliwa, wengi kwa nguvu, kulibebea jeshi la Waingereza risasi na unga. Kuhara damu, malaria na njaa viliwaua wengi kuliko bunduki. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo. Ukishuka kwenye daladala Kariakoo kununua chaja, unalitamka jina la kikosi chao, Carrier Corps, bila habari. Ile Sanamu ya Askari pale mjini ni ya askari kweli. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini tu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Sasa niambieni, habari hapo ni huruma ya sista peke yake?

Nawajua rafiki zangu wa chuo watakavyonijibu: sista mwenyewe alikuwa mtumishi wa mkoloni, aliwabatiza watu mahututi. Nusu nakubali. Mtu anayekata roho hana nguvu za kujadili imani, na hilo lisemwe bila kung'ata maneno. Ila wakuu, hoja yenu nayo ni ya kivivu kama ile ya malaika. Mnammaliza sista mmoja kisha mnaagiza bia nyingine. Aliyemtwisha mpagazi mzigo anabaki hajatajwa, kwenu na kwa mhariri wangu.

Gikondi alikaa miaka kumi, 1920 hadi 1930. Alifundisha shule, akapanda na kushuka vilima nyumba kwa nyumba, akaosha wagonjwa. Pia aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma, ambao vijana wao walikuwa wametoka kwenda kutafuta kazi. Hilo la barua linanigusa kuliko muujiza, labda kwa sababu nami naishi kwa kalamu. Walitoka kwa nini? Kulikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa kwa fedha taslimu, na kuanzia miaka ile ile mwanamume akitembea lazima awe na kipande shingoni. Hata barua ya mama kumsalimia mwanawe ilikuwa na mkono wa serikali ndani yake.

Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni. Ikamshika naye. Alikufa tarehe 31, ana miaka 39. Malaika haambukizwi tauni.

Turudi kwa sista wangu. Naondoka, akanisindikiza mpaka penye bodaboda, akaniomba kitu kimoja: niandike habari ya friji. Friji ya chanjo ya zahanati ya serikali imekufa tangu masika, na kina mama wanawabeba watoto mgongoni kilomita 14 hadi parokiani. Yake nayo ni ya zamani, inatumia mafuta ya taa, na mafuta anayanunua kwa sadaka ya Jumapili. Nikamwambia, "Sista, nitaandika." Gazetini haikutoka. Nimeiandika hapa.