Kufuli la Vitabu Lamfunga Nani?

Siku hizi wauzaji wa vitabu pepe, yaani vitabu vya kusomwa katika simu na kompyuta, wanawaambia waandishi wetu maneno matamu: tieni vitabu vyenu kufuli, na wezi hawatavipata. Sisi wa hapa Guta twasema maneno hayo si kweli, na twawataka waandishi vijana wa Mara wayapime vema kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Kwanza lifahamike kufuli lenyewe. Kitabu hugeuzwa kuwa maandishi ya siri, na ufunguo hupewa simu ya mnunuzi ili imfungulie kila anapotaka kusoma. Hapo ndipo penye udhaifu. Ufunguo hauna budi kufika mikononi mwa mnunuzi, la sivyo hatasoma kitu. Na mjuzi mmoja tu, akiisha kununua nakala moja tu, aweza kuuondoa ulinzi wote. Nakala hiyo ikisha kutoka wazi, makufuli ya nakala elfu nyingine hayawezi kuirudisha. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kuelezwa zaidi. Wavu ukichanika mahali pamoja, macho yake mengine yaliyo mazima yamfaidi nini mwenye wavu?

Tena wasomaji wazitazame hizo PDF za riwaya za Kiswahili zinazorushwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Nyingi ni picha za kurasa za kitabu cha karatasi. Utaona kivuli cha kidole gumba, ukurasa uliokunjamana, pengine hata mhuri wa maktaba ya shule! Kitabu hicho hakikuwa na kufuli la kuvunjwa. Mwizi alikuwa na kamera ya simu na jioni moja ya kukaa bure. Kufuli la kitabu pepe litamzuiaje mtu huyo?

Anayefungwa, basi, ni yule aliyelipa. Hapa kwetu simu huanguka ziwani, huharibika, huhama kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Kitabu cha karatasi kaka humpa mdogo wake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kitabu chenye kufuli hudai akaunti, nywila na mtandao, na mwenye ufunguo ni mfanyabiashara wa ng'ambo ambaye hamjui mwandishi wala msomaji. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vyombo vya wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviuza humo hakuwa na haki navyo. Kimoja ni kile tunachokijua sisi kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Fedha zilirudishwa na radhi ikaombwa. Lakini hebu fikirini muuza vitabu wa Bunda mjini angeingia nyumbani mwenu usiku, akachukua kitabu chenu na kuacha noti mezani: mngemwita nani? Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikakoma kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha, vitabu hawakurudishiwa.

Hatukatai kwamba kufuli humpunguza kasi mtu mvivu ambaye angemrushia rafiki kitabu bila kufikiri. Na maktaba inayoazimisha kitabu pepe kwa siku 14 yahitaji njia ya kukifunga muda ukiisha. Hilo ni haki. Lakini kwa kitabu cha kuuzwa, waliojaribu kuacha kufuli hawakuangamia. Tor, wachapaji wanaojulikana kwa riwaya za kisayansi, waliondoa makufuli mwaka 2012, na baada ya mwaka mmoja wakasema hawakuona ongezeko la wizi la kutambulika.

Wizi wa vitabu si jambo dogo. Mwandishi aliyeibiwa hulala njaa sawasawa na mvuvi aliyeibiwa nyavu. Lakini tazameni historia ya jirani yetu wa Ukerewe, Mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mzee akafariki mwaka 1981. Katika miaka hiyo 35 hakuna mwizi aliyemzuia asifaidi jasho lake. Alichokosa ni njia ya kumfikia msomaji. Na leo kijana wa Guta akitaka riwaya ya Kiswahili, ya wizi huipata kwa dakika moja, ya halali aweza kuizunguka Bunda nzima asiione. Hapo twamlaumu kijana peke yake?

Basi twataka haya. Wachapaji wauze vitabu pepe bila kufuli, kwa bei ya shilingi ambayo mwanafunzi aweza kuilipa kwa simu yake, na kitabu kipatikane hata kwa mwenye mtandao hafifu. Jina la mnunuzi liandikwe ndani ya nakala yake, naye ataona haya kuitupa sokoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 itumike dhidi ya wale wanaouza nakala za wizi kwa wingi na kutia fedha mfukoni. Mwanafunzi aliyepokea nakala moja aachwe. Na kila mchapaji amwonyeshe mwandishi, kila miezi sita, hesabu ya nakala zilizouzwa na fungu lake. Tumesikia waandishi wengi wakilalamika kwamba hawajapata kuiona hesabu hiyo hata mara moja, wala ya kitabu pepe wala ya karatasi.