Pacha wa Mji Atawafaa Nini Wakazi Wake?

Askari aliyepitia mafunzo anaifahamu ramani ya mchanga. Kabla ya kikosi kuondoka, mkuu wake huinama, akafinyanga vilima, akachora mto kwa kijiti, akaweka vijiwe mahali pa nyumba, kisha akawauliza walio chini yake: mvua ikinyesha usiku huu, tutavukia wapi? Kosa linalofanywa juu ya mchanga haliui mtu. Jambo tutakalolizungumza juma hili ni la ukoo huo huo, ila mahali pa mchanga pamechukuliwa na kompyuta, na uwanja wenyewe ni mji mzima.

Wataalamu huliita pacha wa kidijitali. Ni sura ya mji iliyojengwa ndani ya kompyuta kwa vipimo vya kweli: kimo cha majengo, mwinuko wa ardhi, upana wa mitaro, njia za mabomba na nyaya za umeme. Hayo peke yake yangekuwa ramani nzuri tu. Inakuwa pacha kwa sababu habari za mji wenyewe huendelea kuifikia: kipimo cha maji kilichofungwa darajani, hesabu ya magari penye njia panda, taarifa ya bomba lililopasuka asubuhi. Kwa desturi ya Buganda tungesema kwamba mji ni Wasswa, aliyetangulia kuzaliwa, na yule wa kompyutani ni Kato. Wasswa akiugua, Kato hana budi kupata habari.

Wazo lenyewe si geni. Mwezi wa Aprili 1970, tangi la oksijeni la chombo cha Wamarekani, Apollo 13, lilipasuka kikiwa njiani kwenda mwezini. Wahandisi waliobaki duniani walizijaribu njia za kukiokoa katika mitambo ya mafunzo iliyofanana nacho, ndipo wakawapelekea wanaanga maagizo, na wote watatu walirudi salama. Miji ilifuata baadaye. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ilianza kuchora majengo yake kwa kompyuta katika miaka ya 1980, na katika mtaa wake wa Kalasatama wasanifu wamejaribu kompyutani jinsi upepo utakavyopita kati ya majengo na vivuli vitakapoangukia. Singapore ilitangaza mradi wake mwaka 2014, kwa gharama ya dola milioni 73 za nchi hiyo.

Hapo ndipo diwani wa mji wetu anapokunja karatasi na kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Namwomba aifunue tena karatasi yake, atazame kwa jirani.

Mwaka 2015, jijini Dar es Salaam, ulianzishwa mradi uitwao Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walitumwa katika kata zinazofurika maji, wakaenda kwa miguu pamoja na wenyeji, simu mikononi. Waliandika nyumba, vichochoro na mitaro, na wenyeji waliulizwa maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Ramani hiyo haikufungiwa kabatini, bali iliwekwa mahali ambapo yeyote aweza kuitumia. Sisemi kwamba huyo ni pacha kamili. Ni mifupa yake, na mifupa hiyo ilipatikana kwa miguu ya vijana na kumbukumbu za wazee, mali ambazo kila halmashauri inazo.

Kwa maoni yangu, halmashauri isianze kwa kununua mtambo. Ianze kwa swali moja ambalo jibu lake litaokoa watu. Tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, liliporomoka juu ya makazi ya watu na kuua zaidi ya 30. Kompyuta isingelizuia peke yake, kwani kwamba jaa lile lilikuwa limejaa kupita kiasi lilikwisha kujulikana na kusemwa. Hata hivyo, neno "limejaa" huweza kusikilizwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuinuka kitini. Ni vigumu zaidi kukaa kimya mbele ya picha inayopimwa kila mwezi kwa ndege ndogo, ikionyesha kimo cha lundo, ukali wa mteremko, ufa uliotokea baada ya mvua, na paa za nyumba zitakazofunikwa mteremko huo ukikatika. Swali la namna hiyo laweza kuulizwa pia kwa mtaro wa Nakivubo, au kwa Bwaise, ambako mama wa nyumba akiliona wingu hupandisha magodoro juu ya meza.

Lakini pacha huyu anakula. Mtaro uliopimwa mwezi wa Januari ukiwa na kina cha mita moja, mwezi wa Aprili huenda umejaa mchanga na chupa za plastiki. Asipokwenda mtu kuupima tena, kompyuta itaendelea kuyapitisha maji kwa raha mahali ambapo kweli yamekwisha kuingia jikoni mwa watu. Pacha asiyelishwa ni mwongo, tena mwongo anayeaminiwa kwa sababu ana rangi nzuri. Basi katika makisio ya halmashauri, mshahara wa mpimaji utangulie bei ya mtambo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoishi mabondeni wanalihofia kwa haki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na familia za Bonde la Msimbazi zikapewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Baadhi walirudi bondeni. Kompyuta yajua maji yatakapofika, ila haijui ni wapi mama huuza vitumbua vyake alfajiri, wala nauli ya mtoto kwenda shule. Mstari mwekundu ukipita juu ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba aitwe, aonyeshwe mstari huo kwa lugha anayoielewa, naye aruhusiwe kuupinga. Mara nyingine huwa yeye ndiye anayejua kwamba kalvati lililochorwa pale halijapata kujengwa.

Kuhusu siri, Helsinki imeifungua sura ya majengo yake kwa umma, na jambo hilo limewafaa wanafunzi na wajenzi. Hata hivyo ghala la silaha, chumba cha mahabusu na mitambo ya maji si vitu vya kuanikwa, wala si jina la mwenye nyumba pamoja na saa anazozima taa zake, maana mwizi naye ana kompyuta. Nani ataona nini, na nani atakatazwa, baraza liliandike kabla ya ndege ya kwanza kurushwa.