Tatu kwa Mbili: Ushindi wa Lugazi Ulioikosa Lugha Yetu

Mwezi wa Agosti 2012, mjini South Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wavulana kutoka Lugazi, Uganda, waliwashinda wavulana wa Gresham, jimbo la Oregon, kwa alama tatu kwa mbili. Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli, na mashindano yalikuwa yale ya dunia ya Ligi Ndogo, ambayo hushirikisha watoto wa umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1947. Tangu mwaka huo hadi 2012, hakuna timu kutoka bara la Afrika iliyokuwa imekanyaga uwanja huo. Lugazi ndiyo iliyotangulia.

Nimeyaeleza hayo kwa maneno makavu kwa makusudi. Hivyo ndivyo nilivyotamani kuyasoma kwa Kiswahili, angalau sentensi tatu zenye jina la mji, mwaka na idadi ya alama, nami sikubahatika kuyapata. Niliyapata kwa Kiingereza, tena kwa namna ambayo nitailalamikia baadaye kidogo.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, mzaliwa wa Mabanga katika Bungoma, ana uhusiano gani na besiboli ya Waganda. Jibu langu la kwanza ni la kijiografia. Lori linalopita Bungoma kuelekea Malaba, likivuka mpaka na kushika njia ya Kampala, litapita Lugazi baada ya Jinja. Lugazi ni mji wa miwa na kiwanda cha sukari, kama ilivyokuwa kwetu tulipokua tukihesabu misimu kwa matrekta ya Nzoia. Mtoto wa Lugazi ni jirani yangu kuliko mtoto wa Nairobi, na vumbi la barabara yake ninalijua.

Jibu la pili ni kwamba mchezo huo si mgeni kwetu kama tunavyojidanganya. Sisi wasichana wa shule za msingi tulicheza raundas. Tulikuwa na besi, tulikuwa na anayerusha na anayepiga, na tulijua kwamba mpira ukidakwa angani aliyepiga ametolewa, hata kama alikwisha kukimbia nusu ya uwanja. Aliyezizunguka besi zote akarudi alikoanzia alishangiliwa na kundi zima. Kwa hakika, tofauti kubwa niliyoiona nilipoanza kuifuatilia besiboli ni glavu, kofia ngumu na ukali wa kanuni. Kiini ni kilekile. Wala hatukungoja kamati ya istilahi ituambie besi iitwe nini.

Hata hivyo, jioni moja nilijaribu kumsimulia mjomba wangu ushindi huo wa Lugazi. Mjomba ni msikilizaji wa redio wa tangu zamani. Mpira wa miguu anaujua kwa masikio kuliko wengi wanavyoujua kwa macho. Nilipomwambia ni tatu kwa mbili, aliuliza papo hapo, "Mabao hayo yalifungwa dakika ya ngapi?" Nikamwambia hakuna dakika. Akauliza mlinda lango alikuwa nani. Nikamwambia hakuna lango. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mpwa wangu, hao walishinda nini?" Tulicheka sote, lakini swali lake halijanitoka. Nilikuwa na tukio zima mkononi na sikuwa na maneno ya kulifikisha umbali wa viti viwili.

Tujiulize basi maneno ya kandanda aliyonayo mjomba yalitoka wapi. Sidhani kama yalizaliwa katika vikao vya mabaraza, ijapokuwa siyadharau mabaraza hayo. Mengi yalikomaa redioni, kwa watangazaji waliolazimika kusema jambo kabla halijapita. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwaka 2025, ni miongoni mwa waliotufunza kwamba mtu aliye jikoni anaweza kuuona uwanja. Kandanda, kabumbu, gozi, kutikisa nyavu, kumimina krosi: maneno haya yana mifupa ya matumizi. Mengine yalikopwa, mengine yalitoholewa, mengine yalihamishwa kutoka shughuli nyingine kabisa, na hadhira ndiyo iliyoyapitisha au kuyakataa. Kandanda nayo ilikuja kwa meli. Anayesema besiboli ni mchezo wa wageni usiostahili jasho la Kiswahili anasahau kwamba hata gozi analolishangilia halikuchipuka Kanduyi.

Turudi uwanjani, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Katika Ligi Ndogo mchezo huwa na awamu sita. Mrushaji husimama kiasi cha mita kumi na nne kutoka kwa mpigaji, na mrushaji hodari wa umri huo humfanya mpigaji aamue kwa muda usiofika nusu sekunde. Alama hupatikana mkimbiaji anapozizunguka besi tatu na kuirudia ya nyumbani. Hakuna saa ya kukuokoa. Timu inayoongoza kwa alama moja haiwezi kupoteza muda kwenye kibendera cha kona wala kumtuma mchezaji ajiangushe akigaagaa. Ni lazima imrushie mpira mtu mwenye gongo, na ni lazima iwatoe watatu, tena na tena, mpaka awamu ya mwisho iishe. Ndiyo maana nashikilia kuwa tatu kwa mbili katika mchezo huu ni nyembamba kuliko tatu kwa mbili katika kandanda.

Sasa zingatia walikotoka wale wavulana. Mchezo wao wa kwanza katika mashindano hayo walifungwa na Panama, tisa kwa tatu. Wa pili, Meksiko iliwapiga kumi na mbili kwa bila. Alama ishirini na moja walizoruhusu katika michezo miwili; katika wa tatu wakaruhusu mbili tu. Kwa upande wa kupata, walizikusanya alama sita katika michezo yote mitatu, na nusu yake ziliwatosha siku ile ya Gresham. Mtu asiyejua kitu kingine chochote juu ya mchezo huo anaweza kusoma katika hesabu hiyo kazi iliyofanywa na mrushaji, mdakaji wake na wale waliosimama nyuma yao: mpira uliodhibitiwa, besi zilizolindwa, makosa yaliyopunguzwa. Timu iliyopigwa kumi na mbili kwa bila mbele ya umati wa ugenini ilirejea uwanjani ikiwa imetulia. Hilo ni jambo la kusimuliwa.

Nakiri, kwa kuwa uungwana ni kusema yote, kwamba mchezo huo haukuwa wa kuwania kombe. Ulikuwa wa kufariji timu ambazo zilikwisha kutolewa, na Gresham nao walikuwa wamepoteza. Wapo watakaosema kwamba ushindi wa aina hiyo hauna uzito. Mimi naona kinyume. Wasiokuwa na kombe la kuwania walikuwa na kila sababu ya kutembea tu uwanjani wakisubiri ndege ya kurudi nyumbani, na hawakufanya hivyo.

Lalamiko langu ni kwamba sehemu kubwa ya habari nilizozisoma haikuyagusa hayo. Ilikuwa habari ya umaskini. Wavulana walitoka wapi, walikosa viatu gani, walistaajabia chakula gani, walilala katika vitanda vya namna gani. Sikatai kwamba uhaba ulikuwepo, na huenda waandishi walikuwa na nia njema. Lakini msomaji angemaliza ukurasa mzima akijua sahani ya mchezaji ilikuwa na nini, asijue mkono wake ulifanya nini. Mshindi amegeuzwa mtu wa kuhurumiwa katika siku ileile ya ushindi wake! Wenzao wa Oregon, nao watoto vilevile, walipoandikwa waliandikwa kama wachezaji.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna silaha dhidi ya jambo hilo, nayo tumeiacha ikipata kutu katika mihadhara. Tunasoma majigambo na vivugo, tunavichambua kwa nadharia, tunajibu maswali ya mtihani, tunasahau. Shujaa wa kivugo hasemi alivyokuwa na njaa. Hutaja tendo, mahali, silaha na mpinzani. Hata akitaja dhiki, huitaja ili tendo lionekane kubwa zaidi, asionewe huruma. Mapokeo hayo yana kanuni za usimulizi zinazoufaa mchezo wa awamu sita kuliko mtindo wa taarifa za misaada. Kwetu Bungoma, mzee anayesimama mbele ya waombolezaji kulisimulia chimbuko la ukoo hutaja majina na matendo kwa mpangilio, huku akitembea mbele ya hadhira, na ole wake akikosea. Mtangazaji wa mchezo angejifunza mengi kwake.

Rai yangu kwa hiyo ina sura ya kazi. Jarida hili na majarida ndugu yatenge kurasa za masimulizi ya michezo, na masimulizi hayo yasikwepe michezo isiyokuwa na msamiati. Tusianze na orodha ya istilahi. Tuanze na mchezo, tusimulie, tukwame, kisha neno tulilolihitaji tulitafute kwa wanaocheza. Besi tunalo tayari. Mrushaji, mpigaji na mdakaji yanajieleza. Mzunguko kamili wa mkimbiaji hadi besi ya nyumbani mimi naupendekezea neno raundi, kwa heshima ya raundas yetu, na anayelichukia alete lake. Nimeulizwa na mwanafunzi mwenzangu kama si afadhali tusubiri mabaraza ya taifa. Lugha iliyosubiri hivyo ingekuwa bado inamtafutia mlinda lango jina.

Uganda imetuwekea sababu nyingine. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu wa Lugazi atakayesimama darasani na kitabu cha Kiswahili atatafuta kifungu cha ufahamu kinachowahusu wanafunzi wake. Je, atakuta habari za karafuu na majahazi pekee? Sina ugomvi na majahazi. Lakini mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ilirudi Pennsylvania na kuishinda Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo watoto wake huzaliwa na glavu, kwa alama nne kwa moja, na safari hiyo ulikuwa ushindi katika mashindano yenyewe. Hilo nalo tumelipita kimyakimya.

Kuna hadithi moja ambayo ningependa mtu aianze kabla yangu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa hati za umri wao. Nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudia waliyokuwa wameishinda. Miongoni mwa wale ambao wangecheza nao kule walikuwa watoto wa Langley, Kanada. Januari 2012 watoto hao wa Langley waliabiri ndege wakaja Uganda ili mchezo uliopotea uchezwe. Ulichezwa, mbele ya Waganda wenyewe, na Kampala wakashinda mbili kwa moja.

Mjomba nilimsimulia huo pia. Safari hii nilianza na besi, nikachora uwanja kwa kijiti ardhini, nikaweka punje ya hindi kila alipostahili kusimama mtu. Alipoelewa kwamba mkimbiaji mmoja tu ndiye aliyezitenganisha timu hizo mbili, aliiokota punje iliyokuwa besi ya tatu, akaisogeza polepole hadi nyumbani, kisha akaniuliza nani alikuwa akirusha.