Kisu Kivikwe Kabla ya Mpini

Kisu ni mtumishi wa kila siku nyumbani. Hapa kwetu Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vyote vya kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi chapasua migebuka, mchana chamenya muhogo, jioni chakata kamba ya wavu. Wengi hununua bapa tupu kwa mhunzi, aliyelifua kwa springi kuukuu ya gari. Mpini na ala hujitengenezea wenyewe. Ni akiba njema. Lakini hapo ndipo visu vizuri huharibika, na vidole pia.

Nayaandika haya nikitazama kovu katika kiganja changu cha kushoto. Nilikuwa nikilainisha mpini kwa msasa, nimelishika bapa wazi, maana nilisema moyoni, “Bado kidogo tu.” Mpini ukaniteleza. Majuma matatu sikushika jembe, na majira yalikuwa ya kupanda. Mama watoto alilima peke yake na wanawe. Na kisu chenyewe, nilichokitupa chini kikiwa na damu na maji, nilikikuta kimeota kutu. Wazee husema, “Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe.” Methali naliijua tangu utoto; siku ile sikuitii.

Basi leo tutazame jinsi ya kulilinda bapa tangu linapotoka kwa mhunzi hata linapoingia alani.

Jambo la kwanza: makali yawe ya mwisho. Mwombe mhunzi akupe bapa ambalo halijanolewa sana. Kisu butu hukusamehe mkono ukiteleza, kikali hakisamehi. Kinoo kitoke siku mpini na ala vimekwisha.

La pili: lipanguse bapa, ulipake mafuta, ulivike nguo. Wengi hufunga kitambaa juu ya vumbi la msasa. Vumbi lile hukwaruza chuma kila mpini unapotikisika. Pangusa kwanza. Kisha paka mawese kidogo sana, yaliyo mapya na yaliyochemshwa hata maji yakaisha, maana yaliyochacha hula chuma. Usipake mahali mpini utakapokaa: gundi haishiki penye mafuta, na mti hunywa ile rangi nyekundu. Juu ya mafuta zungusha karatasi, kisha weka vibanzi viwili vya mti mlaini, kimoja kila upande, vipite makali na ncha kwa upana wa kidole. Funga kwa kamba, imara. Sasa waweza kulishika bapa, au kulibana katika jiliwa, bila hofu.

Kama wadhani mafuta hayo ni jambo dogo, sikiliza habari ya hapa hapa kwetu. Wakati wa vita kuu ya kwanza Wajerumani waliunganisha Kigoma meli yao Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, wakaishusha ziwani mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, adui walipokaribia, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiinua meli hiyo mwaka 1924, injini zilikuwa zingali zafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo ziwani miaka mingi. Watu wale walipaka mafuta katika haraka ya vita. Sisi tunaochonga mpini kivulini tuna udhuru gani?

La tatu: jihadhari na moto. Wengine huchoma ule mkia wa kisu katika makaa, wausukume ndani ya mpini. Si vibaya, lakini joto hupanda mpaka kwenye bapa, na chuma kilichokwisha kutiwa ugumu hulegea. Rangi itakuambia: chuma kisafi kikipata joto hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Ukiona buluu inafika penye makali, makali hayo hayatakaa tena hata ukinoa kutwa. Kwa hiyo toboa mti kwanza kwa msumari, ili moto uwe na kazi ndogo. Kwa kazi hii vua vibanzi na karatasi. Zungusha bapa kitambaa kilicholowa maji, ulishike kwa koleo juu ya kitambaa, maana mvuke nao huunguza mkono. Tia motoni ncha ya mkia tu. Ukiisha, ondoa kitambaa mara moja, kausha, paka mafuta tena, na uvike upya kabla ya kugusa msasa.

La nne: ala. Ngozi hulowekwa ipate kukaa sawasawa, na wengi huikausha juu ya kisu chenyewe. Hapo ndipo kutu huingia, hasa kama ngozi ilihifadhiwa kwa chumvi. Chumvi ya Uvinza ni njema katika dagaa; katika chuma ni adui, maana huvuta unyevu. Ioshe ngozi kwa maji mengi. Tena chonga kisu cha mti, chenye umbo na unene wa kisu chako, uikaushe ngozi juu ya hicho, kivulini, siku mbili au tatu. Unaposhona, weka ukanda mwembamba wa ngozi katikati, upande wa makali, ili kisu kikate ukanda huo, kisikate uzi. Na kisu chenye maji ya ziwa kisirudishwe alani kabla hakijapanguswa.

Kazi yote ya kulivika bapa haizidi muda wa kuchemsha chai. Mimi naliona muda huo kuwa mrefu, nikalipa majuma matatu.

Neno la mwisho kwa akina baba: mtoto akija kutazama unavyochonga, usimfukuze. Mpe kamba, afunge vile vibanzi mwenyewe, nawe uvijaribu kama vimekaza. Akizoea kuanzia hapo, hatahitaji kovu la kumkumbusha.