MTOTO ALIYELIA AANDIKWE



Ndugu zangu, mtoto akizaliwa nyumbani akafa, sisi watu wa msikitini swali letu la kwanza ni moja: alilia? Kama alilia anapewa jina, anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa. Hukumu hii kila bibi anaijua, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati. Basi jueni kwamba nesi wa zahanati naye anauliza hilohilo. Kwenye vitabu vyake vya MTUHA, aliyezaliwa mfu anaandikwa mbali na aliyezaliwa hai kisha akafariki, maana sababu zao mara nyingi si moja.

Tofauti ni kwamba sisi tukishazika tunarudi majumbani, na habari inaishia hapo.

Zamani vitabu vile vilijumlishwa kwa mkono, karatasi ikapanda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Kufikia mwaka 2013 nchi nzima ilikuwa inaingiza takwimu hizo kwenye kompyuta, kwa programu ya DHIS2 iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashiriki kuijenga hapa kwetu. Mganga mkuu wa wilaya anafungua, anaona kila zahanati wamejifungua wangapi na wameugua malaria wangapi. Jambo jema sana. Lakini kompyuta haioni kaburi. Kijiji kilichozika vichanga watatu kimyakimya, kule kwenye kioo kinaonekana salama, na kijiji salama nani atakiongezea mkunga?

Utasikia: "Shekhe, ni qadari ya Allah, kuandika kutamrudisha?" Hakutamrudisha. Ila Sayyidna Umar (radhiyallahu anhu) aliamini qadari kuliko sisi, na bado aliweka diwani ya kuandika watu na mafungu yao. Mwanzo mtoto alihesabiwa akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia kichanga kinalia, akamwuliza mama yake, kumbe anamwachisha kabla ya wakati ili apate fungu. Umar akaamuru mtoto aandikwe tangu anapozaliwa. Oneni: kanuni moja ya daftari, na vichanga walikuwa wanakosa maziwa.

Nanyi wauguzi mnaonisoma. Kukisia namba mwisho wa mwezi ili ripoti iende ni ushahidi wa uongo. Na anayesimulia barazani alichokisoma kwenye kadi ya mke wa mtu, asishangae wanawake wakiamua kujifungulia ndani.

Rai yangu: kila kamati ya msikiti iwe na daftari la maziko. Tarehe, umri, alilia au hakulia, jina la mama. Kila Ijumaa baada ya sala, katibu ampelekee mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wa jamii. Na jina la mama liwe lile la kwenye kadi ya kliniki, si "Mama Zuhura". Akina Mama Zuhura wako wangapi Mtwara hii? Ndugu zetu waliovuka Ruvuma wakajifungulia kwetu, waandikwe vilevile.

Daftari lenyewe halizidi bei ya sanda. Kamati ambayo haina, mlinunue wiki hii, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.