Kompyuta si Maziwa, Haiekspaya

Wadau, kuna neno limeingia hapa chuoni na sasa limesambaa kama mafua: "imeekspaya." Laptopu imeekspaya. Kompyuta za maabara zimeekspaya. Juzi kwenye foleni ya chakula nimemsikia jamaa wa mwaka wa kwanza anashauriwa auze mashine yake haraka kabla watu hawajashtuka, eti Windows 10 ilishakufa na mashine yake haikubali Windows 11. Mashine yenyewe naijua. Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, haina hata mkwaruzo. Sasa anataka kuitupa kwa bei ya karanga ili bumu likiingia aongezee anunue "mpya" ya dukani.

Dawa inaekspaya. Maziwa yanaekspaya. Kompyuta inachakaa, inaungua, inazidiwa na kazi, hayo yote nakubali. Lakini kuekspaya? Nani aliiandika hiyo tarehe, na kwa faida ya nani?

Tuwekane sawa kwanza. Microsoft walitangaza Windows 11 Juni 2021, wakaitoa Oktoba 5 mwaka huohuo. Masharti yao: RAM GB 4, nafasi ya diski GB 64, prosesa yenye viini viwili na kasi ya GHz 1. Mpaka hapo karibu kila laptopu ya bweni hili inapita. Kisha wakaongeza mambo mawili yaliyoleta kilio: chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa lazima iwemo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha inaanzia kizazi cha 8, yaani mashine za mwishoni mwa 2017 kuja huku. Ilipofika Oktoba 14, 2025 wakasitisha viraka vya kawaida vya usalama vya Windows 10. Kampuni ya Canalys ilikuwa imeshakadiria tangu Desemba 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zinaweza kuishia kuwa taka kwa sababu ya uamuzi huo.

Sasa tazama vituko vya hiyo orodha. Celeron N4020, prosesa dhaifu inayowekwa kwenye vilaptopu vya bei chee vyenye RAM GB 4, imo. Core i5-6300U ya mwaka 2015, ambayo kwa kazi za kawaida inaiacha hiyo Celeron kwenye vumbi, haimo. Yaani huyo dogo wa kwenye foleni anashauriwa auze farasi anunue punda, na aongezee hela juu!

Kuna kingine kinachonichekesha zaidi. Prosesa za kizazi cha 7 karibu zote zilikataliwa. Agosti 2021 zikafunguliwa chache, na moja ya hizo ni Core i7-7820HQ. Unajua ilikuwa ndani ya mashine gani? Surface Studio 2, ya Microsoft wenyewe. Mwenye mlango alikuta kiatu chake hakipiti, akakata mlango kidogo, wengine wakabaki nje.

Najua kuna mtu wa IT atakuja hapa chini kunisomesha kuhusu usalama. Karibu kaka, na hoja yako si ya kupuuza. TPM inatunza funguo za kufungia diski, ukiibiwa laptopu mwizi hasomi vitu vyako kirahisi. Prosesa mpya zinabeba kinga nyingine bila kupunguza kasi. Sawa kabisa. Lakini kusema "hii ni salama zaidi" ni jambo moja, na kusema "hiyo yako haifai tena" ni jambo jingine. Mwanafunzi anayeandika asaimenti, anayetengeneza andalio la somo na kufungua barua pepe, hatari yake kubwa ni flashi zenye virusi na kraki anazopakua gizani. TPM haimzuii mtu kupakua kraki.

Ninachotaka tuelewe, hasa sisi tutakaokuwa walimu, ni kwamba mashine ya zamani ikikataa programu nzito inakuwa imekutana na ukuta, na kuta ziko za aina mbili. Kuna ukuta wa karatasi na kuna ukuta wa mawe.

Ukuta wa karatasi ni pale programu inaweza kukimbia ila mtengenezaji ameweka mlinzi wa kuuliza kitambulisho. TPM na orodha ya prosesa ni karatasi. Programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus inakutengenezea flashi ya kuinstoli Windows 11, na kabla haijaanza inakuuliza kama unataka ukaguzi huo uondolewe. Unaweka tiki, basi. Siyo uchawi wala siyo wizi, leseni yako inabaki ileile. Wenzetu wa Mac wanayo OpenCore Legacy Patcher, inayopeleka mifumo mipya kwenye Mac ambazo Apple walishaziacha. Bei ya kuruka karatasi ipo lakini: Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho. Viraka vya kila mwezi kwa kawaida vinaingia, ila toleo kubwa la mwaka mara nyingi haliji lenyewe, unalifuata kwa mkono na flashi yako.

Ukuta wa mawe ni pale mashine haina kabisa kitu ambacho programu inakihitaji. Toleo la 24H2 la Windows 11 linataka prosesa inayoelewa amri iitwayo POPCNT na kundi zima la SSE4.2. Core 2 Duo hazina. Uweke tiki, usiweke tiki, usome dua, haliwaki. Ni kama kumwamuru mtu kwa Kichina wakati anajua Kimakonde tu. Hapo ukibishana unapoteza usiku wako.

Kosa la wanaosema "imeekspaya" ni kuita kila ukuta mawe. Lakini nanyi mnaojiita mafundi hapa bwenini siwaachi, maana kosa lenu ni kudhani kila ukuta ni karatasi. Mnachukua elfu kumi ya mtu, mnamwekea Windows 11 kwenye mashine ya RAM GB 4 yenye diski ya kuzunguka, mnampiga picha ile menyu ya katikati, mnaondoka. Mwenye mashine anabaki anawasha, anaenda kuoga, anarudi bado kinazunguka! Hapo mmemsaidia nini? Elfu kumi hiyo angeanza kuwekea akiba ya SSD na RAM ya kuongezea. Wengine wenu hata Rufus hamtumii, mnapakua faili la Windows "lililopunguzwa" kutoka kwenye magrupu, hamjui nani alilipunguza wala aliongeza nini. Halafu mtu anaingiza humo nywila ya benki.

Kwa nini nakasirika hivi kwa jambo la mashine? Kwa sababu ya shule niliyofanyia BTP mwaka jana. Siitaji jina, na haiko peke yake. Maabara ya kompyuta ina mashine 20 za msaada, imefungwa kufuli, ufunguo uko kwa mkuu. Kidato cha pili wanafundishwa kompyuta ubaoni: mwalimu anachora kibodi kwa chaki, watoto wanaikopi kwenye daftari. Nilipouliza nikajibiwa zimeekspaya, wanasubiri mfadhili mwingine. Niliomba Jumamosi moja. Mashine 6 zilikuwa zimekufa kweli, pawa imeungua au ubao umevimba. Kumi na nne zilikuwa Core 2 Duo zenye RAM GB 2 mbili mbili, zikang'olewa RAM za marehemu zikagawiwa walio hai, zikawekwa Linux Mint ya Xfce na LibreOffice. Haziendi mbio. Ukifungua kurasa nyingi za intaneti zinalia. Lakini mtoto anaandika barua yake, anachora grafu kwenye GeoGebra ile ya 5 ambayo ni nyepesi kuliko toleo lililofuata, na ameacha kukopi kibodi. Na Linux Mint 22 inapewa viraka mpaka 2029, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimewawekea watoto kitu cha hatari.

Wala hata wenye Windows 10 halali hawakuachwa mikono mitupu. Kwa taasisi za elimu Microsoft waliweka viraka vya nyongeza kwa dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Mashine 20 ni dola 20 kwa mwaka wa kwanza, pungufu ya posho ya kikao kimoja. Nani aliwaambia wakuu wa shule? Wauzaji wa mashine mpya hawana sababu ya kuwaambia.

Na programu nzito kweli je? Mfano SPSS, ambayo mwaka wa tatu inatutesa sote kwenye utafiti. Mara nyingi huhitaji hiyo SPSS, unahitaji kazi yake. PSPP ni ya bure, ni nyepesi, inafungua mafaili ya SPSS, na wastani, t-test na regresheni inavipiga vizuri. Kwa shule kuna njia ambayo ni ya siku nyingi: tafuta mashine moja yenye nguvu, programu zikimbilie humo, zile kongwe zitumike kuonyesha picha na kupeleka kibodi na mausi tu. Core 2 Duo kwa kazi hiyo ni ya kifahari.

Kinachoniuma ni kwamba haya si mageni hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Kaka na dada zetu walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe ili mwalimu wa kijijini asishindwe. Miaka zaidi ya 20 baadaye sisi tuna GB za bando kila wiki, na jibu letu ni "imeekspaya, uza." Kozi nzima ya teknolojia ya elimu tunafundishwa kutengeneza slaidi, hakuna hata kipindi kimoja cha kufungua mfuniko wa kompyuta na kujua kilichomo. Mwakani tutapangiwa shule, tutakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye vumbi, na wengi wetu tutaurudisha kwenye ndoano ukutani.

Basi kwa vitendo. Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Nina flashi mbili, moja ya Mint na moja ya Rufus, na bisibisi. Leta mashine yako na chaja, na kabla hujaja hamisha vitu vyako kwenye flashi nyingine, sitaki kesi. Tutaangalia prosesa kwanza, ukuta wako ni wa aina gani, ndipo tuamue. Hela sichukui, labda chapati. Na yule dogo wa kwenye foleni kama unasoma hapa, usiuze kwanza mdogo wangu, njoo.