Jino la sita na daktari mwanafunzi

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alinijia juzi na malalamiko. Alikuwa amempeleka bintiye wa miaka saba katika kliniki wanakofunzwa madaktari wa meno, kwa kuwa alisikia ada ya huko ni nafuu. Alipoona anayevaa glavu ni kijana mwanafunzi, moyo ulimruka.

“Anataka kujifunzia kunyoa kichwani pa mwanangu!” aliniambia.

Isitoshe, yeye alitaka jambo moja tu: jino ling'olewe, warudi nyumbani. “Si ni la utoto? Litamea jingine.”

Kijana yule hakubishana naye. Alimsalimu, akamwomba binti afungue kinywa, kisha akayahesabu meno kuanzia katikati: moja, mbili, tatu... Lililooza lilikuwa la sita. Akamwita mwalimu wake. Mwalimu naye akahesabu, akaitazama picha ya eksirei, akakubaliana naye. Halikuwa jino la utoto hata kidogo. Lilikuwa gego la kudumu, na hilo likishang'olewa halimei jingine.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kila upande, juu na chini. Mtoto anapofika umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la kudumu huchomoza nyuma ya hayo matano. Halisubiri jino lolote ling'oke, kwa hivyo huja kimyakimya, mzazi asijue. Tena lina vijibonde ambamo chakula hukwama. Viini vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolila jino.

Je, kijana yule alikuwa akibahatisha? La hasha! Chuo Kikuu cha Nairobi kimefunza madaktari wa meno tangu 1974, na siku hizi Chuo Kikuu cha Moi pia huwafunza. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi husoma maumbile ya mwili na magonjwa yake. Kisha hufanya mazoezi ya kutoboa na kuziba meno bandia yaliyofungwa katika sanamu ya kichwa. Hapo akikosea, hakuna anayelia.

Lakini sanamu haina mate, haina ulimi unaocheza, wala haiulizi, “Nitaumia?” Hayo hufunzwa na mgonjwa peke yake. Ndiyo maana mwanafunzi huingizwa kliniki chini ya macho ya mwalimu. Hata akishafuzu, hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kuruhusiwa kujitegemea.

Jirani yangu alikubali jino lizibwe. Walikaa pale saa mbili na nusu. Mwalimu alipokagua shimo, aliona uozo umebaki pembeni, akamwamuru kijana asafishe tena kabla ya kuziba.

“Unaona? Hajui kazi!” jirani alisema.

Mimi nilimwambia hapo ndipo waliponifurahisha. Uozo ukifunikwa chini ya dawa ya kuziba, hauonekani. Huko kosa lilionekana, likarekebishwa palepale. Bei ya unafuu ni muda wako.

Hata hivyo, usikae kimya kitini. Muulize mwanafunzi yuko mwaka wa ngapi, nani anamsimamia na atafanya nini. Ni haki yako, na pia una haki ya kukataa. Lakini kumbuka, sote tukikataa, wanetu watatibiwa na nani kesho?

Leo jioni, nawa mikono, umwite mtoto wako aliyetimu miaka sita. Hesabu meno kuanzia katikati. Ukiona la sita, fahamu kwamba hilo ni la maisha. Lipigwe mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa isizidi ukubwa wa punje ya njegere. Mtoto ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Wewe mwenyewe umsaidie, kwani mkono wake haujakomaa. Peremende na soda zisiwe za kila saa.

Na ukiona doa jeusi, usingoje alie usiku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa kinywani ni ghali.